Gari Lisilowaka Likiwa Moto

Tunalo gari la zamani, la kabureta, ambalo asubuhi huwaka kwa kugeuza ufunguo mara moja. Lakini likiisha kupata moto kisha likazimwa, halikubali tena. Ukaidi huo tuliuhesabu kuwa ni wa uzee, tukauvumilia.

Uvumilivu wetu ulitutokea puani siku tuliyompeleka mama yetu hospitali, Tanga, naye akipumua kwa taabu. Muheza tulisimama kutia petroli, tukazima injini kama ipasavyo. Tulipogeuza ufunguo, stata ilizungusha kwa nguvu, wala betri haikuwa na ila, lakini injini haikushika. Tukalisukuma gari mbali na pampu, tukajaribu tena na tena. Mama alikuwa kiti cha nyuma, hasemi neno, na kimya chake kilituumiza kuliko malalamiko. Hapo tukamtaja kwa ubaya, mbele ya watu, kijana fundi aliyesafisha kabureta wiki iliyopita.

Dereva mmoja wa lori alitusikia. "Ndugu yangu," akasema, "kabla hujamhukumu mtu, tazama kinachokosekana: petroli au cheche?"

Alitueleza kwamba injini ikizimwa, maji hayazunguki tena kuipoza, basi joto hupanda hadi kwenye kabureta. Petroli iliyomo huchemka na kumwagikia ndani, injini ikasongwa. Dawa yake ni kukanyaga mafuta mpaka chini, bila kupigapiga, huku stata ikizungusha, ili hewa ipite. Tukafanya hivyo, haikuwaka.

Ndipo akafungua plagi moja, akaichomeka kwenye waya wake, akailaza juu ya chuma cha injini, naye akiushika waya kwa koleo yenye mpini wa mpira. Cheche ilikuwa nyembamba, ya manjano, nayo hukatika. Akagusa koili, akaondoa mkono upesi. Koili ndiyo inayogeuza volti 12 za betri kuwa zaidi ya volti 10,000. Ndani yake mna waya mwembamba uliozungushwa maelfu ya mara. Ikichakaa, hufanya kazi ikiwa baridi, na ikipata joto huzimia. Aliizungushia kitambaa kilicholoweshwa maji, akijihadhari kichwa chake kisilowe. Baada ya dakika kama kumi cheche ikawa ya samawati, na gari likawaka.

(Magari ya siku hizi yasiyo na kabureta yana vipimio vya umeme ambavyo navyo huchoka kwa joto, hayo yataka fundi mwenye mashine ya kuyasoma.)

Mama alitibiwa, akapata nafuu, alhamdulillahi. Kilichobaki kikitukereketa ni yule fundi. Tulimwendea, tukamwambia, "Kijana wetu, tumekusema vibaya mahali usipokuwapo. Tuwie radhi." Akacheka, akasema, "Yamekwisha, mzee," akafunga koili mpya, akakataa ujira, akachukua bei ya koili tu. Tungaliona wepesi zaidi lau angalitukemea.

Tangu hapo gari huwaka likiwa moto au baridi. Lakini Mama hajaliamini. Kila tukiingia kituo cha petroli hutushika bega kutoka kiti cha nyuma: "Mwanangu, usiizime." Nasi hulazimika kuizima, huku yeye akishikilia mlango, tayari kuteremka.