Mstaafu na Banda Lake

Mtu aachapo kazi ya mshahara, jamaa zake humtakia mapumziko, wakamwekea kiti kivulini. Nia yao ni njema, lakini kiti hicho chaweza kumzeesha mtu upesi kuliko miaka yake. Tangu mwaka 2009 watumishi wengi wa Serikali ya Kenya hustaafu wakitimiza umri wa miaka 60, badala ya 55 kama ilivyokuwa kwanza. Mwenye miaka hiyo hana tena nguvu za ujana, lakini hakukosa faida.

Huko Kahawa Sukari, kando ya barabara kuu iendayo Ruiru na Thika, yupo mzee aliyetoa sehemu ya kiinua mgongo chake ajenge banda la ng'ombe wawili nyuma ya nyumba yake. Mafundi walipofika asubuhi ya kwanza, mzee alitoka amevaa viatu vya mpira. Mwanawe akamzuia, akisema, "Baba, keti. Kazi hii ina wenyewe, nao wanalipwa."

Mzee akajibu, "Wanalipwa kujenga, mwanangu. Watakaoamka alfajiri kukamua humu si wao."

Hakuinua jiwe hata moja la Ndarugo, wala hakupanda darini. Alihesabu mifuko ya saruji na kuiandika daftarini, akanyosha misumari iliyopinda, akashika ncha ya uzi fundi alipopima ukuta.

Siku ya tatu ilikuwa ya sakafu. Kokoto zilikwisha shindiliwa, na saruji i karibu kuchanganywa. Mzee akapima toka ukutani hadi mferejini, akaona pande zote mbili zi sawa kama sakafu ya sebule. Akawaambia mafundi kwamba kila mita 1 yapasa ishuke kadiri ya sentimita 3. Fundi mkubwa alikunja uso: kurekebisha kungekula nusu siku.

"Nusu siku hiyo nitailipa," alisema mzee. "Kulipia sakafu mara mbili sitaweza."

Kokoto zikafukuliwa, zikapangwa upya.

Hakuwa mkaidi bure. Sakafu isiyo na mteremko hutuamisha maji na mkojo. Ng'ombe hulala penye unyevu, vijidudu vikaingia kiweleni, kiwele kikavimba, na maziwa yakamwagwa. Mwenye mshahara aweza kungoja mwisho wa mwezi ajaribu tena. Kiinua mgongo hakiji mara ya pili.

Siku ya nne, kabla ya kugawanya mahali pa kulala ng'ombe, fundi mkubwa mwenyewe alibisha mlangoni. "Mzee, njoo utupimie." Wakapima pamoja: upana futi 4, urefu futi 7, ng'ombe mkubwa apate kulala na kuinuka bila kujiumiza.

Wakikuyu wanayo desturi ya ngwatio, majirani kusaidiana kazi kwa zamu. Wahenga nao walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Fundi aweza kuwa mwaminifu, lakini uzito wa banda waujua mwenye banda.

Basi wenye wazee nyumbani wasiwe wepesi wa kuwakalisha kitini. Nao wazee wawaachie vijana paa na mawe, wao washike uzi, daftari na kipimo. Kazi hiyo haihitaji mgongo wenye nguvu, nayo ikikosekana, nguvu za wengine wote hupotea.