Mbwa wa Mbegu

Wanafunzi wenzangu, kule kwetu Salamabila mbwa wa kuwinda hafungwi kengele ya mti shingoni kwa urembo. Akifukuza simbiliki katika majani marefu, kengele njo inatuonyesha wapi iko.

Mimi nilikuwa na dume munene, wa rangi nzuri. Nikaomba mjomba amupandishe kwa jike lake lenye kukatika sikio. Akasema: «Kwanza tumuone porini.» Siku ya tatu dume langu likaacha njia, likaua mbuzi ya jirani. Tukalipa na feza ya minervali yangu. Nililia sana.

Mjomba akachagua dume la muzee mumoja: jembamba, lakini linakamata nyama bila kuila. Leo watoto wake wawili njo wananilipia masomo. Wapendwa, tusichague kwa macho tu, hata rafiki.