Mpiga Buruji Naye Akumbukwe

Kila tarehe 25 Julai taifa letu huadhimisha Siku ya Mashujaa. Hapa Bugarama wengi wetu huifuatilia siku hiyo kwa redio, na wenye nafasi huitazama kwenye televisheni. Mambo yake tumeyazoea. Rais huweka mkuki na ngao kwenye mnara, Mkuu wa Majeshi huweka sime, kisha hufuata shada la maua, upinde na mishale, na shoka. Viongozi wa dini huomba. Na katikati ya hayo yote husikika buruji. Aliyeipuliza hatajwi jina, wala hatuulizi ni nani.

Katika makala haya tunataka kusema habari za watu hao, yaani askari waliopiga buruji na ngoma katika majeshi yetu, na wengi wao leo ni wazee. Tunaandika kama washarika. Hatuna utaalamu wa muziki wala wa vita, ila tulikaa miaka mingi na mmoja wao katika usharika wetu. Jina lake limo katika kitabu cha usharika. Hapa tutamwita Mzee tu, kama tulivyomwita siku zote.

Mzee ndiye aliyetufundisha buruji ni kitu gani. Ni chombo cha shaba, kifupi, kisicho na vitufe kama vya tarumbeta za kwaya zetu. Sauti zote hutoka katika midomo na pumzi ya mpigaji, na zinazotumika katika milio ya jeshi ni tano tu. Kwa sauti hizo tano askari waliamshwa, wakaitwa kula, wakakusanywa na kupelekwa kulala. Ngoma nayo iliwapa hatua. Alikuwa akituambia kwamba askari aliyechoka miguu yake humsahau kamanda wake, lakini ngoma haiisahau.

Muziki huu haukuanza jana. Baba na babu zetu waliochukuliwa kuwa askari na wapagazi katika Vita Kuu ya Kwanza waliusikia kambini, na waliporudi walikuja nao. Hivyo ndivyo ngoma ya beni, iliyoanzia pwani ya Kenya, ilivyoenea mpaka bara, watu wakicheza kwa mistari na vyeo kama gwaride. Katika Vita Kuu ya Pili askari wa Tanganyika walifika hadi Burma, na buruji ikaenda nao. Jeshi la Wananchi lilipoundwa tarehe 1 Septemba 1964, bendi ikawa sehemu ya maisha yake.

Mzee alijiunga na jeshi akiwa kijana, akaanza na ngoma ndogo, baadaye akapewa buruji. Kisha ikaja vita ya Kagera. Sisi watu wa Ngara vita vile havikuwa habari za mbali. Mto Ruvubu unaopita wilayani kwetu hukutana na Nyabarongo karibu na maporomoko ya Rusumo, na kutoka hapo ndio mto Kagera, unaoshuka mpaka Kyaka. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia kaskazini ya mto huo, na mwanzoni mwa Novemba daraja la Kyaka likavunjwa. Maji yaliyopita kwetu yalipita chini ya daraja lile. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere alilitangazia taifa vita, na maelfu ya vijana, askari na wanamgambo, wakaenda.

Mzee alitusimulia kwamba walipokwenda mbele, vyombo viliwekwa sandukuni na wapigaji wakapewa machela. Katika majeshi mengi yaliyofuata utaratibu wa Kiingereza hii ni desturi ya zamani: wanabendi ndio hubeba majeruhi. Hakupenda kuyazungumza hayo, wala hatukumsukuma. Lakini jambo moja alilirudia mara nyingi kwa vijana wetu. Alisema wabeba machela hawalinganishi hatua, kwa sababu wakilinganisha, machela huyumba na majeruhi huumia. "Miaka yote nilifundishwa kulinganisha hatua na kulinganisha za wenzangu," alisema. "Kule nikajifunza kuzivunja, kwa ajili ya aliyelala."

Tuliomsikia tulifikiri juu ya Bwana wetu, aliyeuacha utaratibu wa enzi yake akaja kutembea kwa mwendo wa walioumia.

Kampala iliangukia mikononi mwa majeshi yetu na ya Waganda wenzao tarehe 11 Aprili 1979. Waliokufa wengi walizikwa Kaboya, wilayani Muleba, katika mkoa huu huu wa Kagera. Mwaka 2013 maadhimisho ya kitaifa ya Siku ya Mashujaa yalifanyika hapo, yakiongozwa na Rais Jakaya Kikwete. Kutoka kwetu mtu hupita Lusahunga na Biharamulo ndipo afike Muleba. Mzee aliijua njia hiyo, kwa maana baada ya vita sandukuni mwake hamkutoka machela tena, ilitoka buruji, na kazi yake ikawa kuwaaga wenzake makaburini.

Tulimwuliza aliwezaje. Akajibu kwamba anayelia hawezi kupuliza. Midomo ikitetemeka, sauti huvunjika. Kwa hiyo kila mtu pale kaburini aliruhusiwa kulia isipokuwa yeye. Machozi yake aliyaweka mpaka usiku.

Aliporudi nyumbani alilima migomba na maharage kama sisi sote, na jioni aliwafundisha vijana wa tarumbeta. Ukisikia usharika wetu ukisifu siku ya Pasaka, pumzi ile ni ya shule yake. Alipougua, aliomba jambo moja kwa baraza la wazee: siku ya kuzikwa kwake, kijana mmoja apige mlio wa jioni, ule unaopigwa kwenye makaburi ya askari.

Ombi hilo lilituchukua jioni mbili. Baadhi ya wazee walisema sauti ya jeshi ibaki jeshini, kanisa lina nyimbo zake za kuaga wafu. Mama mmoja, ambaye kaka yake alikwenda vitani asirudi, alisema tangu miaka ile hawezi kuisikia buruji bila kuona mlango wa nyumba yao siku ilipoletwa habari. Hakuna aliyemjibu haraka. Hayo si mambo ya kujibiwa kwa haraka.

Mchungaji alitufungulia Hesabu, sura ya 10. Pale Mungu anamwagiza Musa afue tarumbeta mbili za fedha. Tulihesabu kazi zake: kuwaita watu wakusanyike, kuwaongoza kuvunja kambi na kusafiri, kupiga wanapokwenda vitani, na kupiga siku za furaha juu ya sadaka zao. Tarumbeta ni zile zile mbili. Mungu hakuagiza jozi moja ya vita na nyingine ya ibada. Na sababu inayotajwa, kwa vita na kwa sikukuu, ni moja: watu wakumbukwe mbele za Mungu. Hapo tuliona kwamba anayepuliza kwa ajili ya wengine anafanya kazi ya kikuhani. Anawaombea kukumbukwa.

Mama yule alikaa kimya, halafu akasema: "Kama mtapiga ule wa kulala, pigeni na wa kuamka."

Mzee alipoambiwa, alicheka kwa furaha. Alisema ndivyo ilivyo hata jeshini. Mlio wa jioni zamani ulikuwa wa kambini tu. Ulitangaza kwamba walinzi wamekaguliwa, wote wako mahali pao, siku imekwisha. Ndipo ukapelekwa makaburini. Baada yake huja kimya, na baada ya kimya hupigwa mlio wa asubuhi, ule wa kuwaamsha askari.

Tulimzika hivyo. Kijana wake wa tarumbeta alipiga milio yote miwili bila kugusa kitufe, kama alivyofundishwa. Kati ya milio hiyo tulisimama kimya, na wengi tulikuwa na neno la Paulo kwa Wathesalonike juu ya parapanda ya Mungu na wafu katika Kristo watakaofufuliwa kwanza. Mama yule alisimama mbele pamoja nasi mpaka mwisho.

Ndugu msomaji, wazee wa namna hii wamebaki wachache, na huenda mmoja anakaa benchi la nyuma katika usharika wako. Wengine walibeba bunduki, wengine machela, wengine ngoma. Kuwaheshimu hakuhitaji fedha nyingi. Waulizeni majina ya wenzao wasiorudi, myaandike, myasome katika sala za Jumapili iliyo karibu na 25 Julai. Wapeni vijana nafasi ya kujifunza kwao wangali na pumzi. Na mnapomtembelea mmoja wao, kaeni kidogo zaidi ya mlivyopanga, kwa kuwa aliyefundishwa kuahirisha machozi hukawia kusema.

Wao waliwaamsha wengine, wakawaaga wengine, wakawaombea wengine wakumbukwe. Sasa zamu ya kupuliza kwa ajili yao ni yetu, mpaka ile parapanda ambayo hakuna mwanadamu atakayeipiga.