Mwamuzi wa Mpira na Mwamuzi wa Watu



Jumamosi iliyopita sisi ndio tulishika filimbi, darasa letu la mwisho likicheza basketi na ndugu zetu wa mwaka wa tatu. Wote mliona. Mtu wa kwetu alisukuma mdogo mmoja mpaka akaanguka na kuvunja jino, nasi hatukupiga filimbi. Macho yetu yalikuwa ku mpira, na mpira ulikuwa unaingia. Bao tukalihesabu. Ile usiku wadogo hawakutusalimu.

Basi tulitafuta kujua huu mchezo ulitoka wapi. Kumbe ulizaliwa juu ya fujo! Mwezi wa 12, mwaka 1891, katika masomo ya YMCA, chama cha Kikristo cha vijana, mjini Springfield, Marekani, kulikuwa darasa la wanaume 18 wagumu sana. Baridi iliwafungia ndani. Mkubwa wa kazi, Luther Gulick, alimpa mwalimu James Naismith, mtu wa Kanada, siku 14 tu atafute mchezo mpya. Mwalimu aliomba masanduku mawili. Mlinzi wa nyumba hakuwa nayo, akaleta vikapu vya matunda. Wakavipigilia misumari juu, metre 3 na kidogo. Mpira ulikuwa wa futuboli, watu tisa kwa tisa. Mchezo wa kwanza uliisha 1 kwa 0 (sisi tungelala usingizi).

Sheria zilikuwa 13. Januari 1892 zilichapwa katika gazeti la masomo yale, ndugu mkubwa wa karatasi hii yetu. Hapana kukimbia na mpira. Hapana kushika mtu, kusukuma wala kupiga. Kosa la pili, unatoka mpaka bao lingine liingie. Ukiumiza mtu kwa kusudi, unatoka kabisa, na hakuna wa kukamata nafasi yako.

Lakini hii ndiyo ilituchoma: waamuzi walikuwa wawili. Mmoja aliangalia mpira, mwingine aliangalia watu. Naismith hakumpa mtu mmoja kazi zote mbili. Sisi tulijipa.

Yule mdogo tumekwisha kumwomba musamaha. Bado hajajibu. Bao lile tumelifuta ku daftari, hata kama wenzetu wa darasa wamekasirika. Sasa ni 18 kwa 18, na Jumamosi tutacheza tena. Sisi tutaangalia mpira peke yake. Filimbi ya pili, ile ya watu, tulimpelekea yeye. Aliipokea, bila neno.

Kapita wa wanafunzi