Kutoka Daftari la Dukani hadi Makato ya Simu: Rai za Fedha na Siasa Likoni, Kisauni na Changamwe

Rai za mwananchi wa kawaida kuhusu siasa na fedha katika maeneo ya Mombasa yaliyo nje ya kisiwa, yaani Likoni upande wa kusini, Kisauni upande wa kaskazini na Changamwe upande wa magharibi, zimebadilika sana tangu miaka ya 1980, na chanzo kikubwa cha mabadiliko hayo si vyama vya siasa wala magazeti, bali ni namna shilingi inavyomfikia mtu na inavyomtoka. Kumbukumbu hizi zinayafuata mabadiliko hayo kama yalivyoshuhudiwa na mwandishi aliyelelewa Likoni, na zinashikilia kwamba watu wa maeneo hayo, ambao mara nyingi husemwa kuwa hawaelewi uchumi, wanauelewa vizuri kuliko wengi wanaouandika.

Zamani rai ilitengenezwa barazani, yaani kwenye kibaraza cha nje ya nyumba ambapo wanaume waliketi baada ya Magharibi huku muuza kahawa akipita na dele lake. Habari zilitoka katika Idhaa ya Kiswahili ya BBC, katika Sauti ya Kenya, iliyogeuzwa KBC mwaka 1989, au katika nakala moja ya Taifa Leo iliyopita mikono mingi. Yalijadiliwa kuachiliwa kwa Nelson Mandela, vita vya Ghuba vya mwaka 1991 na kurudi kwa mfumo wa vyama vingi mwishoni mwa mwaka huo, lakini kodi haikuwa mada, kwa kuwa aliyeiona ni mwajiriwa wa bandari au wa kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe, aliyeisoma kwenye hati yake ya mshahara, ilhali kibarua, mvuvi wa Mtongwe na mchuuzi wa Kongowea waliilipa ndani ya bei ya bidhaa bila kuiona. Baada ya kituo cha polisi cha Likoni kushambuliwa usiku wa 13 Agosti 1997 na machafuko kufuata, wengi walihama, na waliobaki walijifunza kupima maneno mbele ya wasiowajua, hivyo baraza lilikuwa limekwisha kupoteza sehemu ya uhuru wake kabla ya simu kufika.

Mkopo wa siku hizo ulikuwa daftari la dukani. Mwenye duka aliandika jina la mzazi, si la mtoto aliyetumwa, kisha vitu kimoja kimoja, nusu kilo ya sukari, kilo ya unga, chupa ya mafuta ya taa, na mwisho wa mwezi akapiga mstari juu ya kilicholipwa. Deni hilo halikuwa na riba ila lilikuwa na shahidi, kwani mwenye duka alijua kama meli hazikuingia au kama baba amelazwa, naye alingoja. Hata hivyo, shahidi huyo alizijua pia siri za nyumba, na mke mwenye vijisenti vyake hakuwa na pa kuviweka asijulikane. Jambo hili lisisahauliwe na wanaozisifu zama hizo.

Machi 2007 kampuni ya simu ya Safaricom ilianzisha M-Pesa, huduma ya kuweka, kutuma na kupokea pesa kwa simu bila akaunti ya benki. Kabla yake pesa za kupeleka Kilifi au Kwale zilitiwa kwenye bahasha na kukabidhiwa utingo wa matatu, au zilitumwa kupitia Posta. Katika miaka ya mwanzo wakala aliandika kila muamala katika daftari, tarehe, kiasi, nambari ya simu na ya kitambulisho, na mteja akatia sahihi. Waliofaidi zaidi ni wanawake: muuza mahamri wa Magongo alipata mahali pa kuhifadhi pesa zake kwa nambari ya siri anayoijua peke yake.

Kisha simu ikaanza kukopesha. M-Shwari, huduma ya kuweka akiba na kukopa kwa simu, ilianza Novemba 2012, na Fuliza, huduma inayomwezesha mtu kulipa hata salio lake lisipotosha, ilianza Januari 2019. Pesa yoyote inayoingia baadaye hukatwa deni la Fuliza kwanza, hivyo mchuuzi wa samaki aliyetumiwa shilingi 500 za dawa ya mtoto anaweza kukuta 120 tu, na hana wa kumweleza kwamba bahari ilichafuka wiki nzima.

Kodi nayo ikajitokeza. Mwaka 2013 serikali iliweka ushuru wa asilimia 10 juu ya ada za kutuma pesa, ukafika asilimia 12 mwaka 2018 na 15 mwaka 2023, na ni katika mwaka huohuo wa 2013, mwezi wa Septemba, kiwanda cha Changamwe kilipoacha kusafisha mafuta, kikapunguza watu wenye hati za mshahara. Ushuru huo hutozwa juu ya ada, si juu ya pesa zinazotumwa, na ndani ya feri ya Likoni wapo wanaoyachanganya mambo hayo mawili. Lakini walilolielewa sawasawa ni kwamba wao ni walipa kodi, na anayelipa ana haki ya kuuliza. Mswada wa Fedha wa 2024 ulipopendekeza ushuru huo upande hadi asilimia 20 na mkate utozwe kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16, mjadala ulikuwa wa tarakimu, si wa majina ya wanasiasa. Mapendekezo hayo mawili yaliondolewa kabla ya kura, na tarehe 26 Juni Rais William Ruto akakataa kuutia saini mswada wote.

Ibara ya 201 ya Katiba ya 2010 inataka umma ushirikishwe katika masuala ya fedha, na Ibara ya 7 inakitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi, lakini miswada ya fedha huchapishwa kwa Kiingereza. Bunge na liichapishe kwa Kiswahili, na vikao vya kukusanya maoni vifanywe Mtongwe, Mlaleo na Magongo, saa za jioni, wakati vibarua na wachuuzi wamekwisha kurudi makwao.