Mtu wa Bara na Matumbawe ya Bahari

Mimi ni mtu wa Malolo, katika wilaya ya Ruangwa. Kwetu hakuna bahari. Kwetu kuna ufuta, korosho, mbaazi na mihogo, na bahari twaijua kwa ng'onda tu, wale samaki wakavu waletwao kutoka Lindi. Tangu utoto nilidhani kwamba bahari ni jambo la watu wa pwani, kama vile shamba letu lilivyo jambo letu, wala hapana haja ya mmoja kumwuliza mwenziwe habari zake. Fikira hiyo nilikaa nayo hata mvi zikaniota, na leo nataka kueleza jinsi ilivyonitoka.

Miaka michache iliyopita nilikwenda Lindi kumtazama mjomba wangu, ndugu wa mama yangu, aliyevua samaki tangu ujana wake mpaka nguvu zilipomwishia. Nilipokwisha kumwamkia, naye akaniitikia marahaba, nilimpa habari niliyoiona kuwa njema. Nilimwambia kwamba bei ya ufuta imekuwa nzuri, na kwamba nimekusudia kufyeka ukingo wa kijito chetu, mahali ambapo marehemu baba alipaacha na miti na matete yake, ili nipande mpaka kwenye maji.

Mzee alinyamaza kitambo, kisha akaniuliza, "Mpwa wangu, mvua ikinyesha, udongo wa ukingo huo utakwenda wapi?"

Nikamjibu, "Utachukuliwa na maji, Mjomba."

Akasema, "Na maji nayo yanakwenda wapi?"

Sikuwa na la kujibu. Ndipo akanihadithia habari za mwaka 1998. Katika miezi ya joto ya mwaka ule, yeye na wenziwe waliona jambo ambalo wazee wao hawakuwahi kuwasimulia. Matumbawe waliyoyazoea, ya rangi ya kahawia, ya kijani na ya zambarau, yaligeuka kuwa meupe kana kwamba yamevishwa sanda. Wako waliosema kuwa bahari imerogwa. Baadaye meupe yale yakaota mwani, yakavunjika, na samaki waliokaa humo, changu na tasi na pono, wakawa haba.

Niliporudi nyumbani nilimwomba mwanangu, ambaye ni mwalimu, anisomee waliyoyaandika wataalamu. Kumbe tumbawe si jiwe wala si mmea, bali ni kundi la wanyama wadogo sana wanaojijengea nyumba ya chokaa. Ndani ya miili yao huishi vijimea visivyoonekana kwa macho. Mnyama humpa mwenziwe makao, naye kijimea hutengeneza chakula kwa nuru ya jua na kumgawia mwenye nyumba, tena humpa rangi yake. Lakini maji yakizidi joto lake la kawaida la kiangazi kwa nyuzi 1 tu, na joto hilo likadumu kwa majuma kadhaa, ujirani huo huvunjika. Vijimea hutolewa nje, na tumbawe hubaki jeupe. Bado halijafa, ila lina njaa. Joto likiondoka upesi, huweza kupona, likikawia, hufa. Na miamba hiyo, ingawa haifiki hata asilimia 1 ya sakafu ya bahari, ndiyo maskani ya yapata robo ya aina zote za viumbe wa baharini.

Hapo ndipo nilipolijua jina la Dkt. David Obura, mtaalamu wa bahari wa Mombasa. Hata kabla ya joto lile la 1998, alikuwa amekwisha kuchunguza mashaka ya matumbawe, katika utafiti wake wa shahada ya udaktari alioumaliza mwaka 1995. Aliyatazama matumbawe ya Malindi na udongo unaoletwa na mto Sabaki. Mto huo huanzia nyanda za juu karibu na Nairobi, hupita katika nchi ya wakulima na wafugaji, na wakati wa mvua huigeuza bahari ya Malindi kuwa ya rangi ya udongo. Tope huzuia nuru ya jua na kulilemea tumbawe, nalo hutumia nguvu zake kujisafisha. Basi fikirini hali ya mgonjwa wa joto anayetwishwa tena gunia la udongo mgongoni.

Niliposikia hayo nilijiona nimesomewa barua yangu mwenyewe. Sisi tuna Lukuledi, unaopita katika nchi za kusini na kuingia baharini pale pale Lindi.

Mwaka 1999 liliundwa shirika la CORDIO ili kuchunguza madhara ya joto lile, naye Dkt. Obura akaongoza kazi yake katika Afrika ya Mashariki. Desemba 2021 yeye na wenziwe walitangaza kwamba miamba yote waliyoipima katika upande wetu wa Bahari ya Hindi imo katika hatari ya kuporomoka ndani ya miaka 50. Visiwani tishio kubwa ni joto. Katika pwani yetu ya bara, kubwa lililotajwa ni uvuvi uliopita kiasi. Tena Aprili 2024 wataalamu walitangaza kwamba matumbawe ya dunia yanapauka kwa mara ya nne tangu habari hizo zianze kuandikwa.

Nilipomweleza mke wangu kwamba ukingo hautafyekwa, hakufurahi. Alikwisha kuihesabu fedha ya ufuta ule, nayo ilikuwa ya bati za nyumba. Akaniambia, "Bwana, wenzetu wamekwisha kufyeka. Kijito kimoja kitaiokoa bahari?"

Nakiri kwamba sikuwa na jibu la kumshinda. Joto la bahari linatokana zaidi na moshi wa mataifa yenye viwanda vikubwa, wala mimi siwezi kuuzima. Lakini nilizitazama kuta zetu, nilizozipaka chokaa iliyochomwa kwa matumbawe ya pwani, nami sikuuliza ilitoka wapi. Nikawakumbuka ng'onda wa bei rahisi tuliowala miaka mingi, wala hatukuuliza kama walivuliwa kwa nyavu au kwa baruti. Nikamwambia, "Bahari sitaulizwa yote. Nitaulizwa ukingo huu, maana huu niliachiwa mimi." Akanyamaza, wala sikudhani kuwa ameridhika. Baadaye mwanangu akanionyesha kwamba sheria ya mazingira ya mwaka 2004 nayo inakataza shughuli za kuhatarisha mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto; basi nilichokiona kuwa ni hisani yangu kilikuwa wajibu.

Bati zilichelewa misimu miwili. Katika muda huo mvua zilivuja juu ya vitanda vyetu, na mke wangu alisogeza masufuria bila kunilaumu kwa neno, jambo lililonichoma kuliko lawama. Nilimpelekea mjomba salamu kwamba ukingo uko vile vile alivyouacha shemeji yake. Baada ya mwezi mmoja ukaja mfuko wa ng'onda wa tasi, na salamu kwamba wamevuliwa kwa dema. Mke wangu aliwapika kwa nazi. Alipokwisha kupakua, aliniuliza kama matete ya kijitoni yameanza kuota tena upande ule wa jirani yetu. Nilimwambia kwamba bado. Akasema, "Basi kesho nenda ukazungumze naye."

Nilikwenda. Mwenyezi Mungu atujaalie kuzitunza amana zake, zile tuzionazo na zile zilizo chini ya maji. Amin.