Mimi, Mume Wangu na Rivolva ya Baba Mkwe

Mwenzangu, ukiona mumeo anapotelea gereji kila Jumamosi, utafikiria nini? Wengine watasema pombe, wengine nyumba ndogo. Wangu alikuwa anapima vichwa vya risasi.

Tunaishi Ohio, Marekani. Mimi ni mtoto wa Tanga, yeye ni wa hukohuko. Baba mkwe alipofariki alimwachia rivolva yake, Smith & Wesson ya .38 Special, aina ya risasi iliyoanza kutumika mwishoni mwa karne ya 19. Mzee alikuwa hodari wa shabaha. Kwa mwanawe ikawa inatawanya tu: umbali wa yadi 25, matundu sita yanaenea inchi 5, upana wa sahani ya chai. Basi akawa mtu wa kununa. Anakula kimya, analala kimya. Siku moja akasema ataiuza. Nikajua hapo tatizo si bastola peke yake.

Nikamfuata gereji. Silaha naziogopa, jamani, na sharti langu tangu tuoane ni kwamba ikae kwenye sefu, risasi zifungiwe kwingine. Hajawahi kulivunja, ndiyo maana nilithubutu.

Kule sheria inamruhusu mtu kujaza risasi za matumizi yake. (Kwetu Bongo usijaribu, ni kesi!) Ganda lililotumika linasafishwa, linarudishwa umbo, linatiwa fataki mpya na baruti, kisha kichwa. Wengi wanafanya hivyo kuokoa hela. Yeye alitafuta shabaha.

Kwanza aliegemeza rivolva kwenye mifuko ya mchanga, ili mkono usisingiziwe. Bado ikatawanya. Akageukia silinda. Unajua, kwenye rivolva kila risasi inatoka kwenye chumba chake, inavuka pengo dogo, ndipo inaingia mtutuni. Kwa hiyo kichwa kikipwaya kwenye mdomo wa chumba, moshi wa moto unapenya pembeni yake na kinaingia mtutuni kimekaa upande. Akachukua vile vichwa vya inchi 0.357 alivyokuwa akitumia: vilidondoka vyenyewe. Vya 0.358 vikapita kwa kusukumwa na kidole. Tofauti ni elfu moja ya inchi, nyembamba kuliko unywele!

Akanunua vya 0.358, vya madini ya risasi, vyenye uso bapa. Wapiga shabaha wanavipenda kwa sababu vinakata karatasi tundu safi la duara, kama mashine ya kutoboa mafaili, na havihitaji baruti nyingi. Kiasi cha baruti alikifuata kwenye kitabu, hakukisii. Na kila Jumamosi alibadilisha kitu kimoja tu: leo kichwa, wiki ijayo baruti, baadaye namna ya kubana mdomo wa ganda. Ukibadilisha vitatu kwa mpigo, utajuaje kilichosaidia?

Mimi nikapewa kazi ya tochi. Kabla kichwa hakijawekwa, namulika kila ganda. Baruti ikiingia mara mbili, silinda inaweza kupasuka mkononi. Isipoingia kabisa, kichwa kinaweza kukwama mtutuni, na risasi inayofuata ikaleta maafa. Wakati huo simu zimezimwa, hakuna kuongea.

Maongezi yalikuja baadaye, tukiwa kwenye sinki tunanawa mikono kwa sabuni, maana madini ya risasi ni sumu. Hapo ndipo alianza kunisimulia habari za baba yake. Yaani mtu aliyekaa miezi bila kutamka jina la mzee, sasa anacheka, mara analia, maji yanatiririka tu.

Matundu yalishuka hadi inchi 2. Kuuza kukasahaulika.

Sikushauri ununue bastola, mpenzi msomaji. Ila mwenzio akinyamaza, usimkalishe kwenye kochi na kumhoji kama polisi. Wanaume wengi ukiwatazama usoni wanafunga mdomo, ukikaa ubavuni mwao mkishika kazi moja wanafunguka wenyewe. Awe anatengeneza redio, anafuga kuku au anaosha gari, vuta kigoda, omba tochi. Na ukitaka kurekebisha jambo ndani ya nyumba, anza na moja. Lipe wiki yake, uone.